Njiwa Aliyemfundisha Rungu Kusimama

Paukwa!

Pakawa!

Watoto wameitikia, wakubwa mmenyamaza. Hadithi hii ni yenu pia, tena yenu zaidi. Paukwa!

Pakawa!

Haya. Hapo zamani za kale, wanyama walisemezana kutwa kucha na binadamu hakusikia neno. Palikuwa na mwindaji wa kwale, jina lake Bwana Chambuso. Akapata mbwa mdogo, akamwita Rungu, akataka kumfundisha kuonyesha ndege.

Mbwa wa kazi hiyo hafukuzi, wala habweki. Akinusa kwale majanini, anasimama. Mguu mmoja juu, pua mbele, kimya. Bwana anakuja na bunduki, anamrusha ndege, anapiga.

Sasa mbwa mdogo atajifunzia wapi? Kwale wa porini hakai akamngoja. Bwana Chambuso akatumia njiwa. Juu ya jiko lake palikuwa na kibanda, na ndani yake njiwa jike na mumewe, wanaatamia mayai mawili. Kila asubuhi bwana alimtoa yule jike. Alimficha kichwa chini ya bawa, akamzungusha, zungu, zungu, zungu, mpaka akalewa. Akamlaza majanini, akamleta Rungu na kamba shingoni. Kisha akapiga majani teke, njiwa akazinduka, puruu, akaruka. Wala bwana hakuhangaika kumtafuta. Alijua atarudi mwenyewe, ana mayai.

Siku ya kwanza Rungu hakusimama. Alimrukia njiwa, akamnyofoa manyoya ya mkia, na yeye akala fimbo. Jioni njiwa alishuka mpaka kwenye bakuli la Rungu, mkia mtupu.

"Mwanangu," akamwambia, "ukinirukia nitakufa, na wewe utapigwa. Ukisimama, mimi nitarudi kwa mayai yangu, na wewe utapewa nyama. Simama tu. Nyayo zikikuwasha, simama."

Basi Rungu akajifunza. Kesho yake akasimama kidogo, akatetemeka. Keshokutwa akasimama zaidi. Njiwa zungu, zungu, zungu. Rungu kimya. Njiwa puruu, nyumbani. Mayai yakaanguliwa, makinda wawili hawana hata unyoya, na bado kila asubuhi mama yao alizungushwa. Watu wakaanza kumsifu Bwana Chambuso kwamba anajua kufundisha mbwa. Bwana akaitikia. Njiwa hakutajwa na mtu.

Siku moja wageni walikuja kumtazama Rungu. Bwana akawaambia kuwa leo njiwa hatarudi, kwa sababu mbwa lazima azoee mlio wa bunduki na harufu ya damu. Rungu alisikia. Njiwa naye alisikia, tayari yuko mkononi.

"Rungu," akasema, "leo usisimame. Bweka, niamke kabla hajakoki bunduki. Wanangu bado wako uchi."

Akafichwa kichwa. Zungu, zungu, zungu. Akalazwa.

Rungu akaja. Akanusa. Wageni wote macho kwake. Bwana akanong'ona kwamba mbwa huyu hana mfano wilaya nzima. Na Rungu akasimama. Mguu mmoja juu, pua mbele, kimya. Hajawahi kusimama vizuri hivyo.

Puruu.

Paa.

Wageni wakapiga makofi. Rungu akaletewa ini la njiwa, akala. Msinitazame hivyo, alikula. Mimi ningependa kuwaambia alikataa, lakini ningekuwa nawadanganya.

Jioni yule njiwa dume alishuka, akamuuliza mke wake yuko wapi. Rungu aliinamisha kichwa.

"Nilisimama," akasema.

Dume hakumtukana. Alipanda kibandani kulisha watoto, maana sasa yuko peke yake.

Asubuhi bwana akamtoa dume. Hata huruma ya siku moja hakuwa nayo. Zungu, zungu, zungu, akalazwa pale pale. Rungu akaja, akanusa, na kabla bwana hajakoki bunduki akabweka kwa nguvu zake zote. Dume akazinduka, akaruka kombokombo mpaka kibandani. Rungu akala fimbo. Wakarudia, akabweka. Wakarudia tena, akabweka, huku mgongo umevimba. Bwana akasema mbwa huyu ameharibika, akamfunga mnyororo kwenye zizi la mbuzi. Hakutoka tena kwenda porini, yeye aliyezaliwa kwa ajili ya pori. Kamba yake ya shingoni ikatupwa, na mafunzo ya njiwa yakaisha.

Makinda wakaota manyoya. Wakaruka. Wakawa wanashuka kudonoa makombo kwenye bakuli la Rungu, naye anawaachia. Siku moja mmoja akamwambia, "Baba anasema hapakuwa na mbwa aliyejua kusimama kama wewe. Nani alikufundisha?"

"Mama yenu," akasema Rungu. "Alinifundisha kusimama siku nyingi, na kubweka siku moja. Siku ile moja sikumsikiliza."

Basi, wakubwa, sikieni, na watoto mshike. Aliyekufundisha kwa kuumia yeye, usimsahau siku unayosifiwa wewe. Na ukiamriwa jambo, kabla hujatii tazama kwanza nani atakufa kwa utii wako. Kujuta baadaye kulimwokoa baba, mama hakurudi.

Hadithi yangu imefika hapo, nami nimeinyamazia hapo hapo.