Zana za Wenye Dole Gumba

Paukwa!
— Pakawa!
Palikuwa na uongo?
— Ulete, tutauchuja wenyewe.

Basi sogeeni.

Hapo kale, kale ya juzijuzi, wanyama wa bonde moja walipenda gemu ya kukimbia na kuruka. Mzee Nyani aliicheza kwenye mashine yake, yenye kishikio cha vitufe na vijiti viwili. Wengine hawakuweza kukishika. Swala ana kwato, Kanga ana mdomo, Kobe ana pua. Wao waliicheza kwenye kompyuta, kila mmoja akibonyeza kwa alichojaliwa na kusukuma mezani kile kidude kiitwacho kipanya.

Gemu ilikuwa ileile, ila kwa Mzee Nyani kulikuwa na cha ziada: sanduku la zana. Kwa zana hizo alijitengenezea levo mpya, akiweka shimo hapa, daraja pale, miiba kule. Wa kompyuta walikuwa na levo zilizokuja na gemu, basi. Walizirudia mpaka wakaziota. Aliyetaka kuona levo mpya alikwenda kwa Mzee Nyani na ndizi mbivu, akaketi, akamtazama mwenyewe akicheza na kutafuna.

Bi Panya, naye wa kompyuta, hakumchukia kwa hilo. Mwenye kitu kimoja tu cha kumzidi jirani hukikumbatia, nani asiyejua? Kilichomuuma Bi Panya ni rafiki yake Kobe.

Kila levo ilikuwa na saa. Kobe alibonyeza kwa pua, tup, akapumua. Tup, akapumua. Kabla hajafika nusu ya njia kengele ikalia, ngriii! Akaanza upya. Tup, akapumua. Ngriii! Tangu gemu iingie bondeni hajawahi kuiona bendera ya mwisho.

Asubuhi moja akamwambia Bi Panya, "Dada, kesho msinisubiri."

"Unaumwa?"

"Siumwi. Nimechoka kufukuzwa na kengele. Nilidhani mchezo ni mahali pa kupumzikia."

Bi Panya akaenda kuwaeleza Swala na Kanga. Dawa aliijua: levo isiyo na saa. Na dawa ilikuwa ndani ya sanduku la Mzee Nyani.

Akaenda Swala. "Hodi. Shikamoo, Mzee."

"Marahaba. Una dole gumba?"

"Sina. Nina kwato."

"Basi rudi. Zana ni za wenye dole gumba."

Akaenda Kanga. "Hodi. Shikamoo, Mzee."

"Marahaba. Una dole gumba?"

"Sina. Nina mdomo."

"Huo tunaujua. Rudi."

Akaenda Bi Panya, anakokota ndizi, Swala na Kanga nyuma yake. "Hodi. Shikamoo, Mzee."

"Marahaba. Una dole..."

"Sina, na sikuja kuomba. Nimekuja kukuletea ndizi na kukubali kushindwa. Hawa wenzangu ni wabishi. Wanadai zana zako zinaweza kufanya kazi kwa kipanya."

Mzee Nyani akacheka, kwe kwe kwe, mashavu yamejaa ndizi. "Kwa kipanya! Siku zana hizi zitakapochimba hata shimo moja kwa kipanya, nitalibeba sanduku kichwani mwenyewe mpaka kwenye kompyuta zenu."

"Kiapo cha kinywa kilichojaa hakihesabiki," akasema Kanga.

Mzee Nyani akameza. Akakirudia neno kwa neno, akaapa kwa mkia wake.

Pu! Bi Panya karukia kishikio. Miguu ya mbele kwenye kijiti hiki, ya nyuma kwenye kile, mkia juu ya vitufe. Akayumba kushoto, kri. Akayumba kulia, kri. Mkia ukagonga, ta! Kwenye skrini likafunguka shimo. Dogo, limepinda, lakini shimo.

"Hilo umechimba wewe," akasema Mzee Nyani.

"Mimi nani?"

"Panya."

"Mkubwa au mdogo?"

"Mkubwa wa wapi? Kadogo kama kokwa."

"Na panya aliye kadogo kama kokwa anaitwaje, Mzee?"

Mzee Nyani akautazama mkia wake, maana aliupenda.

"Ki..." akasema Kanga, kumsaidia.

"...panya," akamalizia Mzee Nyani kwa sauti ya chini.

Akalibeba sanduku. Njia nzima alinung'unika. "Mtaziharibu. Kwato hizo, midomo hiyo."

"Zikiharibika tutakuita," akasema Bi Panya. "Nani mwingine anazijua?"

Mzee Nyani akaanza kutembea wima zaidi.

Zana zikaingia kwenye kompyuta. Swala akatengeneza levo ya kuruka tu. Kanga akatengeneza levo iliyojaa mtama, haina adui hata mmoja. Bi Panya akatengeneza njia iliyonyooka, isiyo na saa, yenye bendera mwisho, na katikati kashimo kamoja kalikopinda. Kisha akamwita Kobe.

Tup, akapumua. Tup, akapumua. Jua likapanda, jua likashuka. Mzee Nyani aliyesema anaketi kidogo tu alikuwa bado ameketi, ndizi imemlainikia mkononi. Kobe alipofika ukingoni mwa shimo akasita, akageuza shingo kutafuta kengele.

"Polepole, ndugu yangu," akanong'ona Mzee Nyani. "Hakuna anayekufukuza."

Kobe akaruka. Tup. Tup. Bendera ikapanda.

Wote wakamtazama. Kobe akafuta pua.

"Kumbe fupi," akasema. "Hakuna ndefu zaidi?"

Ngano yangu imefika bendera. Iliyokupendeza ipeleke kwenu, isiyokupendeza niachie niichonge upya. Na funzo lake ni hili: kila mtu abaki na zana alizoumbiwa, asiguse za wenye dole gumba. Anayebisha akamuulize Mzee Nyani. Ila asubiri kwanza, yuko katikati ya levo ya Kobe, na amekataa kuharakishwa.