Mshika Kamba

Mtu mmoja alikuwa na kisima kimoja na watoto watatu, katika nchi ambayo mvua huisha mapema. Kila kiangazi, maji yalipozama, waliongeza kina kwa utaratibu alioupanga yeye. Mwanawe Ndahani alitangulia kushusha kibatari. Kikizimika, hewa ya chini ni mbaya, na hakuna ashukaye. Kaka yake, Chiwanga, ndiye aliyeshuka kuchimba huku akiimba, kwa maana nyayo zake zilihisi maji kabla ya jembe kuyafikia. Dada yao, Nyemo, alishika kamba iliyofungwa kiunoni mwa mchimbaji, na hakuchoka kuuliza: umefika wapi, unaona nini, kwa nini uchimbe hapo? Jibu likichelewa, alivuta.

Baba alikufa. Kiangazi kilichofuata ng'ombe walianza kulala bila kuinuka, na ndugu wakaanza kubishana. Chiwanga alisema kibatari hakijawahi kuonja maji. Ndahani alisema wimbo haujawahi kupima hewa. Nyemo alipomuuliza kila mmoja amelijuaje analolijua, wote wawili walimcheka, na hilo ndilo jambo la mwisho walilolifanya pamoja.

"Dada, maswali hayajazi mtungi," wakamwambia. "Nenda kachunge."

Asubuhi moja kibatari kilizimika kabla ya kufika nusu ya kina. Ndahani akakataza. Chiwanga akajibu kwamba maji yanamwita, akashuka kwa vidato vilivyochongwa ukutani, bila kujifunga kamba, kwa kuwa mshika kamba alikuwa machungani. Wimbo ulisikika, ukafifia, ukakoma. Ndahani alibaki ukingoni na kibatari kilichopoa mkononi. Kushuka hakuweza, maana kipimo chake mwenyewe kilimkataza. Kuvuta hakuweza, maana hapakuwa na cha kuvuta.

Majirani walimtoa Chiwanga jioni, kwa kulabu. Ngumi yake ilikuwa imefumbwa. Walipoifumbua walikuta tope, na tope lile lilichuruzika maji.

"Nilimwambia," alisema Ndahani.

Nyemo, aliyekuwa amerudi na ng'ombe waliosalia, aliliangalia tope, kisha kibatari, kisha kamba iliyokuwa bado imeviringishwa ukutani mwa nyumba ya baba yao.

"Ulisema kweli juu ya hewa, kaka," akasema. "Naye alisema kweli juu ya maji. Nani alishika kamba?"