Funda Moja la Nguchiro

Niwape, nisiwape?

Tupe!

Iliyonyooka au iliyopinda?

Iliyopinda, tutainyoosha wenyewe!

Haya, kaeni vizuri, na wewe huko nyuma acha kumfinya mwenzako.

Palitokea kiangazi kibaya, mto ukakauka ukabaki mchanga mtupu. Wanyama wakakubaliana kuchimba kisima humo humo mtoni. Nyati akajiteua msimamizi, na nani angempinga? Akamwita Bi Mashavu, bibi wa kundi la nguchiro, akamwambia kuwa wao ni wengi, kwa hiyo kila mmoja achimbe kwa makucha yake, hata watoto. Nguchiro wakachimba, kwaru kwaru kwaru. Nyati akasimama kivulini akisimamia. Kusimamia nako ni kazi, msicheke.

Maji yakatoka. Nyati akajilaza ukingoni, akatangaza kwamba kila mnyama atapata funda moja kwa siku. Akaanza yeye, gubu gubu gubu, na funda lake halikwisha. Zamu ya nguchiro ilipofika, Bi Mashavu akachota funda lake, akageuka kuwaita wenzake. Nyati akaweka pembe njiani.

"Kundi ni mnyama mmoja," akasema. "Naye ameshakunywa."

Bi Mashavu hakulimeza lile funda. Alilibeba shavuni mpaka shimoni kwake, akawadondoshea watoto, tone kwa tone. Alipomfikia mjukuu wake wa mwisho, shavu lilikuwa kavu. Mtoto akalamba hewa. Bi Mashavu alilia, maana alijua mambo yakiendelea hivyo atamzika.

Kesho yake akaenda kisimani, wanyama wote wakiwapo.

"Shikamoo, Mzee Nyati," akasema, kisha akaomba washindane. Nyati akae ukingoni, nguchiro akae ukingoni, mmoja kwa mmoja. Atakayetangulia kuondoka ameshindwa, atakayebaki ndiye msimamizi. Ila kwanza alitaka kujua kama kundi lake bado ni mnyama mmoja. Nyati akacheka mpaka kamasi zikamtoka, akaapa mbele ya wote kwamba ni mmoja, jana, leo na kesho.

Wakakaa. Jua likapanda. Bi Mashavu alipochoka akainuka, na papo hapo dada yake akakaa pale pale. Nyati akamaka.

"Huyu si yule."

"Ni yule yule, mzee," Bi Mashavu akajibu kutoka kivulini. "Si umeapa?"

Nyati akawageukia wanyama wamtetee. Twiga akainama, akatazama sana, akasema yeye anaona nguchiro tu. Na kweli, jina lao halina wingi: akiwa peke yake ni nguchiro, wakijaa bonde zima ni nguchiro.

Basi ikawa ndiyo hiyo. Nyati anauliza, "Nguchiro, upo?" Sauti nene inajibu, "Nipo." Anauliza tena, "Nguchiro, upo?" Sauti nyembamba inajibu, "Nipo." Tumbo la Nyati likanguruma, nguru nguru nguru. Maji anayo, majani hana. "Nguchiro, upo?" Mtoto ambaye hata kusema hajajua vizuri akajibu, "Ipo." Wanyama wakaangua kicheko. Nyati aliona aibu, lakini njaa ilikuwa kubwa kuliko aibu. Akainuka, akaenda zake malishoni.

Nguchiro wakanywa mpaka matumbo yakavimba. Yule mjukuu alikunywa akasinzia mdomo ungali majini. Bi Mashavu akajilaza pale alipokuwa Nyati. Udongo wa pale ulikuwa na ubaridi mtamu, akajinyoosha.

Jioni akaja Mama Ngiri, watoto nyuma yake, vumbi mpaka kwenye kope. Bi Mashavu akainua kichwa.

"Mko wangapi?" akauliza.

Mama Ngiri akawageukia wanawe, akawatazama mmoja mmoja, kisha akamsukuma mbele aliye mdogo kuliko wote.

Bi Mashavu akakumbuka shavu lake kavu. Akaona haya sana, akaondoka ukingoni.

"Kunyweni," akasema. "Kunyweni nyote."

Fundisho la hadithi hii, wanangu, ni hili: ukishapata pa kukaa penye maji, usiinuke, na anayekuja na watoto mhesabu kwanza. Mimi nimefika mwisho wangu. Iliyopinda nimewaachia, inyoosheni.