Jina Lililofutwa Baada ya Matanga

Kaeni karibu, na msinikatize. Jibu nitawadai mwishoni.

Katika milima ya Upare aliishi mjane aitwaye Nakiete na watoto wake watatu, watu wazima. Namsifu alisoma polepole, asiruke neno. Elinaja alitunza funguo na siri za nyumba. Mrutu, kitinda mimba, alijua kuziagiza kompyuta zifanye kazi zenyewe.

Kila ilipowashwa, kompyuta ya sebuleni ilikwenda yenyewe, kwa mtandao wa nyumbani, hadi kwenye ghala: kisanduku kilichokaa chumbani kwa marehemu mume wa Nakiete, chenye faili za familia yote. Asubuhi ile Nakiete alitaka faili moja tu. Mumewe alikuwa amejirekodi akitembea makaburini, akitaja nani amelala wapi. Makaburi yale hayakuandikwa kitu. Yalipandwa masale tu, mimea ya kuwekea alama. Na wajenzi wa barabara walikuwa njiani kuja kuyahamisha.

Skrini ikaandika: HUNA RUHUSA.

Nakiete akaisogelea skrini. "Baba yenu amefunga mlango," alinong'ona. "Kaka yenu wa kwanza, aliyefariki akiwa mchanga, yuko kule. Walipomzika nilikuwa kitandani kwa uzazi, sikuonyeshwa. Leo nimhamishe kwa jina la mtu mwingine?"

"Mama, mashine haina kinyongo," Mrutu alisema.

"Atakayenifungulia ndiye atakayeitunza sauti hiyo na kutaja majina makaburini," alisema Nakiete. Katika ukoo ule mtaja majina alikuwa mmoja, wala kazi hiyo haikugawanywa.

Namsifu akaketi, akasoma yote ambayo kompyuta ilikuwa imeyaandika ilipowaka.

"Dada, unasoma kama barua ya posa! Gari la wajenzi litafika!"

"Nyamaza, Mrutu." Kisha akainua uso. "Kompyuta inabisha hodi kwa jina la baba. Ghala linajibu kwamba halimjui."

Wote wakamgeukia Elinaja. Desturi ya nyumba ile, matanga yakiisha, jina la marehemu huondolewa kwenye kila kitu cha matumizi: kikombe, jembe, simu. Elinaja alikuwa ameliondoa hata ghalani.

"Uliniagiza wewe, mama," alisema.

"Nilikuagiza," Nakiete alijibu, na hofu ikamzidi.

Elinaja hakuweza kufungua faili za mtu, lakini ni yeye tu aliyekuwa na neno la siri la kuingiza na kutoa watu ghalani. Akaingiza jina la Nakiete, akampa ruhusa ya faili za marehemu, akaifundisha kompyuta kubisha kwa jina hilo. Wakaizima, wakaiwasha. Faili zikaonekana! Nakiete akabofya.

HUNA RUHUSA.

"Baba yenu amekataa," alisema, akajifunika kanga usoni.

Kutoka mteremkoni ukasikika mngurumo wa gari.

Mrutu akasogeza kiti. Akaona kwamba kompyuta, kwa kuwa huenda ghalani kabla mtu hajaketi mbele yake, ilikabidhi faili ilizozileta kwa mkuu wa mfumo, yaani akaunti ya mashine yenyewe, si kwa mama. Akaongeza neno katika agizo la kuwashia: zikifika, zikabidhiwe Nakiete. Wakaizima, wakaiwasha.

Nakiete akabofya tena.

"Hapa, kwenye sale lililopinda," sauti ya marehemu ilisema, ikihema kwa kupanda, "amelala mwanangu wa kwanza. Mama yake hajapaona."

Nakiete akalia bila sauti.

Gari likasimama uani. Msimamizi wa wajenzi akapiga hodi. "Nani mtaja majina?"

"Mimi niliona mlango ulipofungwa," alisema Namsifu.

"Mimi niliufungua," alisema Elinaja.

"Ulioufunga mwenyewe, kaka!" Mrutu alidakia. "Na bila mimi mngekuwa mnachungulia hadi sasa."

Nakiete akawatazama mmoja mmoja. Aliogopa kumkosea aliye hai kuliko alivyoogopa kumkosea aliye kaburini.

Msimamizi bado yuko mlangoni. Ninyi mliosikiliza, mngemtuma nani makaburini?