Ubatizo wa Kumfurahisha Mwalimu

Wazee wetu katika imani walitusimulia kwamba huko milimani Ukaguru, zamani za wamisionari wa kwanza, aliishi mja mwema aliyeitwa Mwalimu Hezekia. Alitumwa huko angali kijana kuhubiri Injili, akahubiri mpaka akaota mvi, wala hakupata hata mtu mmoja wa kubatizwa. Msidhani watu wale walimchukia. La hasha, walimpenda mno. Aliwauguza wagonjwa wao, nao wakamlimia shamba na kumletea maziwa. Ila akianza habari za Kristo, walimsikiliza kwa adabu, kisha wakarudi kwenye matambiko yao.

Ndugu zangu, uchovu wa jembe mtu hulala nao, akaamka umemtoka. Uchovu wa Hezekia haukuwa huo, ulikuwa wa moyo. Wenzake aliosoma nao walikwisha kuwa makasisi, makanisa yao yamejaa. Yeye alisali na mkewe Persida, wawili tu, ndani ya kibanda cha nyasi. Na ukasisi aliutamani, tusimsingizie utakatifu asiokuwa nao.

Ikaja habari kwamba Askofu atapita. Akikuta waumini, Hezekia atapewa ukasisi. Asipowakuta, kituo kitafungwa na mwalimu atarudishwa kwao. Jumbe Senyagwa, mkuu wa kijiji, aliposikia hayo aliwakusanya watu wake, kisha akamwendea.

"Mwalimu, hatutaki uondoke. Siku hiyo sote tutabatizwa."

Moyo wa Hezekia ukaruka. "Mmemwamini Bwana Yesu?"

"Tunakuamini wewe. Huyo Bwana wako hatumjui, lakini maji ni maji tu. Wewe utapata cheo chako, sisi tutabaki na wewe. Ubaya uko wapi?"

Hezekia akamsindikiza hadi njiani. Jioni akamweleza mkewe, aliyekuwa akichambua mboga. Katika kijiji kile Persida alikuwa amemzika Tabea, mtoto wake wa pekee.

"Baba Tabea, mimi nimechoka," alisema. "Mtoto wetu amelala hapa. Wakituondoa, nitamwacha na nani? Kubali tu. Mungu anajua tulivyohangaika."

"Ndilo hilo, Mama Tabea. Anajua."

Wakala, wakalala.

Siku ikafika. Askofu akawakuta watu wameoga, wamejipanga, wanangoja. Uso wake ukachangamka. "Mwalimu, kumbe Bwana amekufanikisha."

Hezekia akawatazama watu wale aliowapenda kama ndugu zake wa damu. Angenyamaza tu, angepata vyote.

"Baba Askofu," akasema, "hawa wamekuja kwa ajili yangu. Kristo bado hawamtaki. Kazi imenishinda, nisamehe."

Askofu akahuzunika, akaamuru kituo kifungwe. Watu wakatawanyika kwa hasira, maana wamefedheheshwa mbele ya mgeni.

Asubuhi yake Hezekia na mkewe walikuwa wakifunga mizigo. Jumbe akaja amekunja uso, akaketi bila kukaribishwa.

"Umetuaibisha."

"Ni kweli, Jumbe. Nisameheni."

"Sikupata usingizi. Miaka yote unatuambia Mungu wako anaona moyo, nami nikadhani ni maneno ya kazi yako tu, kama mganga alivyo na yake. Jana ungenyamaza tu ungepata kila kitu, lakini hukunyamaza. Kumbe unamcha kweli. Hebu niambie, ni nani huyo?"

Hezekia alikuwa amechoka hata kusimama. Akaweka chini chungu alichoshika, akaketi mavumbini kando ya Jumbe, akaanza upya tangu mwanzo, kana kwamba hajawahi kuyasema. Persida akawasha tena moto aliokwisha kuuzima.

Kesho yake waliondoka kama walivyoamriwa, na ukasisi Hezekia hakuupata mpaka anaingia kaburini.

Sasa ninyi mnaonijia kila Jumapili niwaombee mafanikio, na mimi kwa kweli nimechoka kuombea mabati na magari, niambieni: mtu huyu alifanikiwa, au hakufanikiwa? Mimi namwona pale mavumbini, hana cheo, hana kanisa, na mtu mmoja anamuuliza habari za Bwana wake kwa kutaka kujua. Mwenyezi Mungu atujalie kushindwa namna hiyo. Amina.