Bi Kidawa na Jicho Lililogoma Kukauka

Paukwa!

Pakawa!

Aa, hiyo ni pakawa ya watu walioshiba. Paukwa!

Pakawa!

Sasa nimewasikia. Kaeni vizuri, na mwenye usingizi alale sasa hivi, asije akanikoromea katikati.

Hapo kale, kale ile ambayo hata babu zetu waliisikia tu, palikuwa na kijiji cha wasusi wa mikeka. Wanaume walikata ukindu, wanawake waliuchana kuwa miyaa myembamba, wakasuka. Kila msusi alifuga ukucha mmoja, ukucha wa dole gumba, mrefu, mgumu, wa kuchania miyaa. Chaa! Chaa! Chaa! Asiye na ukucha ule hakuhesabiwa kuwa mwanamke wa kazi.

Katika kijiji hicho aliishi Sikudhani, mke wa Hamadi. Alisuka mikeka ya harusi, na ukucha wake ulisifiwa mpaka vijiji vya jirani. Alikuwa na mtoto mmoja tu, Tunu, ambaye ndiyo kwanza anajifunza kutembea. Anakwenda, anaanguka, pu! Anainuka, anakwenda tena.

Shida ilikuwa jicho la Tunu la kushoto. Mtoto halii, jicho lalia. Chururu, chururu, mchana kutwa. Asubuhi limegandana kwa matongo, ndi! Mama yake hulilowesha mpaka likafunguka. Litakaa siku kadhaa kavu, watu washukuru Mungu. Mara tena, chururu, chururu. Asubuhi, ndi!

Mama mkwe wake, Bi Mkejina, alijaribu yote aliyoyajua. Alisema mtoto akamuliwe maziwa ya mama jichoni, akakamuliwa. Alisema avishwe hirizi, akavishwa. Jicho halikusikia. Mwisho akasema, "Jicho hili lina kitu ndani. Mvua zikikatika, Fundi Mbaruku atapita huku. Atamchanja hapa chini ya jicho, kitu kitoke."

"Amchanje kwa wembe, mama?"

"Kwani utamchanja kwa mkeka?"

Sikudhani akamtazama mumewe. Hamadi akatazama miguu yake mwenyewe. Mbele ya mama yake, Hamadi hakuwa na ulimi.

Pale kijijini alikuwapo kijana mmoja aliyechanjwa hivyo hivyo utotoni. Wembe uliteleza, na upande ule hakuona tena. Sikudhani alimwona kila siku akipita. Aliogopa, jamani. Mvua zilikuwa zinanyesha, naye akawa anaomba zisikatike.

Siku moja akambeba Tunu mgongoni, akaenda kwa Bi Kidawa.

Bi Kidawa alikuwa mkongwe aliyelea watoto wa kuzaa na watoto wa kuachiwa, mpaka wengine amewasahau majina. Msidhani alikuwa mpole. Salamu ndefu zilimchosha, na machozi ya watu wazima yalimchosha zaidi. Sikudhani alimkuta jikoni akimenya mihogo.

"Shikamoo, bibi."

"Marahaba. Lete mtoto, maneno baadaye."

Akamgeuza Tunu kwenye mwanga wa mlango. Akatazama jicho, akatazama pua, akatazama jicho tena.

"Wewe ukilia, pua yako hufanya nini?"

"Hutoka kamasi, bibi."

"Kwa nini?"

Sikudhani akashika pua yake. Amelia mara nyingi maishani mwake, lakini hakuwahi kujiuliza.

Bi Kidawa akaweka kidole kwenye kona ya jicho, pale linapokutana na pua. "Kwa sababu hapa pana njia. Nyembamba, haifiki unene wa uzi. Machozi hupita humo yakashukia puani. Watoto wengine huzaliwa njia yao haijafunguka vizuri. Basi machozi yakikosa pa kupita, yanamwagika nje. Yakilala humo yanachacha, ndiyo hayo matongo. Hakuna mdudu humo, wala hakuna jini."

"Na dawa yake, bibi?"

"Kwanza kata ukucha huo."

Sikudhani akaficha dole gumba kiganjani. "Bibi, nina mkeka wa harusi haujafika nusu!"

"Chagua. Mkeka au jicho."

Ukucha ukakatwa. Tap! Ukaanguka kwenye maganda ya mihogo. Sikudhani akanawa mkono wake, nao ukaonekana mgeni kwake. Bi Kidawa akauongoza. Ncha ya kidole kwenye kona. Bonyeza taratibu, kisha shuka kando ya pua. Bonyeza, shuka. Bonyeza, shuka. Matongo yakatoka kwenye kona, yakafutwa kwa kitambaa safi kilicholoweshwa maji yaliyochemshwa yakapoa.

"Asubuhi, mchana na jioni," alisema mkongwe, "mpaka nikwambie basi. Lakini pakivimba hapo, pakiwa pekundu na pa moto, usipaguse. Mkimbize kwa tabibu siku hiyo hiyo."

Sikudhani akarudi nyumbani. Bonyeza, shuka. Bonyeza, shuka. Tunu alipiga mateke, alinyanyua kichwa, aliuma kidole. Mama akajifunza kumvizia anaponyonya. Jicho likaanza kupungua machozi. Likapungua, likapungua, likakauka kau!

Watu wakasema, "Lo, kumbe Tunu ana macho mazuri hivi!"

Sikudhani akafurahi. Na alipofurahi akaacha. Si jicho limekauka? Mkeka wa harusi ulikuwa unamngoja, mwenye harusi kila kukicha yuko mlangoni anauliza. Ukucha ukaota, miyaa ikachanwa. Chaa! Chaa! Chaa!

Kisha Tunu akapata mafua. Chururu, chururu. Asubuhi, ndi!

"Si nilisema?" Bi Mkejina akapiga makofi. "Kidole cha yule bibi kizee kimeshindwa. Na mvua ndizo hizo zinakatika."

Sikudhani akaukata ukucha mwenyewe kabla hajatoka nyumbani. Alifika kwa Bi Kidawa macho yamemvimba.

"Jicho ndilo lililopona, au wewe ndiwe uliyechoka?" mkongwe akauliza.

"Nilidhani limepona, bibi. Nilimwacha. Nimemponza mwanangu."

"Usinililie hapa. Njia ilikuwa imeanza kufunguka, nawe ukaiacha. Nilikwambia mpaka niseme basi. Nilisema?"

"Hukusema."

Bi Kidawa akanawa, akamshika Tunu. Bonyeza, shuka. Kona ya jicho ikatoa matongo, na matongo yale yalikuwa meusi tititi. Mkongwe akakinyoosha kitambaa.

"Unampaka wanja?"

"Mimi? Hapana, bibi!"

Wakatazamana. Nyumbani kwa Sikudhani palikuwa na kichupa kimoja tu cha wanja, na kilikaa chini ya mto wa Bi Mkejina. Watu waliposifu macho ya Tunu, bibi yake aliingiwa na hofu ya kijicho. Basi kila asubuhi, Sikudhani akienda kisimani, bibi alimpaka mjukuu mstari mwembamba ndani ya kope. Machozi yaliusafisha kabla ya mchana, na masizi yakaenda kulala kwenye ile njia.

Hasira zikampanda Sikudhani. "Leo atanitambua!"

"Hatakutambua," Bi Kidawa alisema. "Ukimtangaza, atamwita Fundi Mbaruku leo leo ili aonekane hakukosea. Nenda kamwambie namwita. La wanja niachie mimi."

Bi Mkejina akaja, midomo ameibenua. Mkongwe hakumpa nafasi.

"Nionyeshe mikono yako."

"Mikono yangu ina nini?"

"Haina kitu, ndiyo maana naitaka. Mkweo anaishi kwa ukucha, akiukata leo kesho umeota. Wewe uliacha kusuka zamani, kucha zako fupi. Na mkono huu ndio uliomlea Hamadi. Mtoto huyu hatapona bila mkono huu."

Bi Mkejina akaitazama mikono yake kama aliyeletewa zawadi. Midomo ikarudi mahali pake.

"Na wanja," Bi Kidawa akaendelea, huku anachochea moto, "mpake kwenye unyayo. Kijicho kitauona huko huko. Jichoni unaziba njia."

Bi Mkejina akainamisha kichwa. "Nimesikia, dada."

Tangu siku hiyo bibi ndiye aliyeshika kazi. Ananawa, anakaa kizingitini, anampakata Tunu. Bonyeza, shuka. Bonyeza, shuka. Akamtungia na wimbo, hauna maana yoyote, lakini Tunu alitulia akiusikia. Jicho likakauka, na bibi hakuacha. Likarudi kulia, na bibi hakuacha. Sikudhani alisuka mkeka wake jicho moja kwa mama mkwe, jicho moja njiani. Mvua zilikuwa zimekatika.

Na kweli, Fundi Mbaruku akatokea, mkoba begani. "Hodi! Nimeambiwa pana jicho hapa."

Akautoa wembe, akaupangusa kwenye shuka. Sikudhani akaacha miyaa, akasimama. Akaja kati ya wembe na mwanawe. Tunu kumwona mgeni, akaangua kilio. Waaa! Waaa!

Machozi yakamjaa machoni. Bi Mkejina akamwinamia, akamtazama pua. Tundu la kulia linatoka kamasi, kama siku zote. Tundu la kushoto, ambalo akilia lilibaki kavu tangu azaliwe, nalo likalowa. Likang'aa. Kamasi hiyo, chururu!

"Kamasi!" Bi Mkejina akapiga kigelegele. "Jamani, mjukuu wangu anatoka kamasi!"

Fundi Mbaruku akashangaa. "Mama, hiyo ni kamasi tu."

"Ndiyo! Kamasi tu! Rudisha wembe wako mkobani, fundi, uende kwa heri."

Sikudhani akakaa chini pale pale, akalia, na pua yake ikatoka kamasi vilevile. Mama mkwe akamkumbatia pamoja na mtoto, wote watatu wameloa.

Wakaenda mbio kwa Bi Kidawa.

"Imetoka kamasi, bibi! Matundu yote mawili!"

Mkongwe akamgeuza Tunu kwenye mwanga, akamtazama jicho na pua. "Basi," akasema. Neno hilo walilingoja siku nyingi. Kisha akaongeza, "Mbona hamjamfuta?"

Bi Kidawa alikufa zamani sana. Lakini alituachia hili: kazi ya kumponya mtoto haiachwi kwa sababu leo anaonekana mzima. Na mtu aliyekosea kwa mapenzi, mpe kazi ya kufanya, usimpe aibu ya kubeba.

Hadithi yangu imeishia hapo ilipokaukia. Mwenye mtoto amfute pua, twende tukalale.