Kiwambo cha Fundi Mwinchande

Vuteni pumzi!

— Tumevuta!

Shusheni!

— Tumeshusha!

Vuteni tena, na safari hii msishushe mpaka niwaambie... Aa! Wewe wa nyuma umeshashusha. Haya, tuanze tu, maana hata mimi sina subira.

Hapo kale palikuwa na fundi ngoma akiitwa Mwinchande. Kazi yake ilikuwa kuwamba. Anachonga gogo, analoweka ngozi kwenye pipa, anaivuta ngozi juu ya gogo, anaifunga kwa kanda za ngozi mbichi, anaianika juani. Ile ngozi ya juu inayopigwa, kwao waliiita kiwambo.

Ndani ya pipa aliishi Chura. Bibi huyu hakuwa na mbavu hata moja, na utulivu pia hakuwa nao. Anazama, anaibuka. Anaingia, anatoka. Mwaka ule kiangazi kilikuwa kikali, visima vimekauka, na maji yaliyobaki ni yale tu ambayo fundi aliyafuata mbali kila asubuhi akaja kuyamimina pipani. Chura alilijua hilo vizuri. Siku fundi asipokuwepo, na yeye atakuwa ngozi kavu.

Basi asubuhi moja fundi kainama, anakaza ngoma kubwa, mara swaaa! Chatu huyo. Chatu huyu alikwisha kuwameza mbuzi wawili wa fundi, na jogoo juu yake, na bado alidai hajashiba. Akamzunguka fundi kifuani mara moja, mara mbili, mara tatu.

Chatu akibana hana haraka. Fundi akivuta pumzi, mbavu zinapanda, Chatu katulia. Fundi akishusha pumzi, mbavu zinashuka, Chatu anakaza, kr! Nafasi aliyoipata hairudishi. Fundi anavuta, Chatu katulia. Fundi anashusha, kr!

Chura akatoa kichwa pipani, roho ikamruka. Aliona kidari cha fundi hakiinuki. Aliona vinyama vya katikati ya ubavu na ubavu vikitetemeka, vinataka kuinua mbavu na haviwezi. Aliona mitulinga, ile mifupa ya chini ya shingo, imepanda na misuli ya shingo imesimama, inavuta, inavuta.

"Maji yangu!" akalia moyoni. Halafu akaona haya kidogo. "Na fundi wangu!"

Lakini chini ya mbavu tumbo la fundi lilikuwa bado likienda. Puu, linatoka. Haa, linarudi. Chatu kwa ulafi wake alikumbatia kifua chote akasahau tumbo. Na binadamu, jamani, chini ya mbavu zake ana msuli mpana uliowambwa kama ngozi ya ngoma, juu yake mapafu, chini yake matumbo. Msuli huo nao unaitwa kiwambo. Haujui usingizi wala haujui sikukuu.

Chura akaruka, chubwi, akatua ukingoni mwa pipa.

"Shikamoo, bwana mkubwa."

"Marahaba," akasema Chatu bila kulegeza. "Nina kazi."

"Naiona. Mbona hafi?"

Chatu swali hilo hakulipenda, maana hata yeye alikuwa akijiuliza. "Nami nashangaa. Mbavu zake zote ninazo mimi."

"Mbavu unazo, bwana mkubwa. Kiwambo je?"

"Kiwambo?"

"Huyu anapumua kwa kiwambo. Muulize mtu yeyote."

"Kiko wapi?"

Chura akapiga hesabu. Akisema kweli, fundi kwisha. Akisema uongo, pengine Chatu ataung'amua. Basi hakusema huu wala ule.

"Kiwambo cha fundi hapa kila mtu anakijua," akasema. "Kile pale, juu ya ngoma."

Na kabla Chatu hajafikiri, Chura akarukia ngoma. Alilikazia macho tumbo la fundi. Tumbo likitoka, Chura anatua, du! ngozi inashuka. Tumbo likirudi, Chura anaruka, ngozi inapanda. Du! Puu. Hewani! Haa. Du! Puu. Hewani! Haa.

"Umeona?" akasema Chura, anahema. "Kikishuka, pumzi inaingia. Kikipanda, pumzi inatoka."

Chatu akatazama ngoma, akatazama tumbo. Akatazama tumbo, akatazama ngoma.

"Nikimwachia atakimbia."

"Atakimbiaje, na pumzi yake umeishika wewe?"

Chatu akaliona hilo ni neno. Akajifungua raundi moja, akajifungua ya pili, akajifungua ya tatu, akaenda kujizungusha kwenye ngoma, mkia chini, kichwa juu. Chura akamkonyeza fundi. "Shika pumzi!" Fundi akashika. Chatu akabana, kr!

"Amekata!" akashangilia Chatu.

"Bana, bwana mkubwa, uhakikishe."

Akabana. Gogo la mninga halipandi wala halishuki. Akabana tena mpaka macho yakamtoka.

Fundi akanyemelea pipa, akatoa kanda mbichi zinazochuruzika maji, akamfunga Chatu palepale ngomani, raundi ya kwanza, ya pili, mpaka ya kumi.

"Nini hiki?" Chatu akacheka. "Laini namna hii?"

"Namalizia ngoma," akasema fundi. Kwikwi ikamshika. Kwi! Kwi! Kile kiwambo chake cha ndani kilikuwa bado kina wasiwasi.

Jua likapanda. Ngozi mbichi ikikauka inafanyaje? Inakaza. Chatu akivuta pumzi, kanda zimetulia. Chatu akishusha pumzi, kr! Nafasi iliyopatikana hairudi. Chatu anavuta, kanda zimetulia. Chatu anashusha, kr!

Kicheko kikaisha. Ubavu mmoja haupandi. Ubavu wa pili haupandi. Mbavu mamia, na hata mmoja haupandi.

"Chura," akanong'ona. "Chura, dada yangu. Huyu alipobanwa mbavu alipumua kwa kiwambo. Na changu... kiko wapi?"

Chura akamtazama. Kwa mara ya kwanza siku ile, alitulia.

"Bwana mkubwa," akasema, "wewe huna. Wewe una mbavu tu."

Kr!

Ngoma ile ikawa na ngozi ya madoadoa kiunoni, na watu walikuja kutoka mbali kuicheza. Siku ya kwanza kupigwa, Chura alipiga kelele pipani: "Fundi! Maji yamepungua!"

Basi funzo, watoto, lishikeni vizuri. Asiye na mbavu asijitie katika mambo ya wenye mbavu. Mkubwa akikubana, nyamaza ubanwe, ndiyo adabu. Na kupumua pumua ovyo kwa tumbo ni kuwakosesha wakubwa raha.

Nilipoikuta nimeiacha, ngoma mnayo nyinyi. Vuteni pumzi!

— Tumevuta!

Shusheni!

— Tumeshusha!

Mmeshusha wote? Basi angalieni mbavuni, msije mkawa mmezungukwa.